Jogoo wa Mek Eshah

Ijumaa saa mbili asubuhi, Mek Eshah alimsimamisha jogoo juu ya meza ya jikoni, akampangusa kifua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Alikuwa serama, kuku wa aina ndogo ya mashindano, wa gramu mia tatu: kifua kimetangulia kichwa, mabawa yamening'inia wima, mkia unakaribia kisogo. Mek Eshah ndiye aliyemlea, kizazi cha saba cha kuku aliowapandisha mwenyewe. Mumewe, Pok Deraman, alikuwa akinywa kahawa.

"Mzee, leo kwenye fomu ya mashindano uandike jina langu."

"Mama watoto, watanicheka. Jogoo wangu anajulikana jimbo zima la Kelantan."

Jogoo akapungua kimo kwa vidole viwili.

"Umemwona? Ukisema wako, anapungua."

"Vizuri. Serama mdogo ndiye anayependwa."

Penye mashindano, karani aliuliza jogoo ni wa nani.

"Wangu," alisema Pok Deraman. Jogoo akawa kama shomoro.

"Aliyemfuga?"

"Mimi mwenyewe."

Akawa kama punje ya mpunga. Karani alibadilisha miwani, akagonga muhuri.

Zamu ya jogoo ilipofika, Mek Eshah alimweka mezani kwa ncha ya kidole. Mwamuzi mkuu, Tok Wan Senik, aliinama.

"Kifua hicho! Pok, umemfundishaje?"

"Siri yangu hiyo, Tok."

Basi hapo jogoo hakuonekana tena. Aliwika, sauti nyembamba lakini safi. Waamuzi watatu waliizunguka meza tupu kwa dakika tatu, kama kanuni inavyotaka, wakakubaliana kwamba mkia umesimama barabara. Mmoja alikata nusu alama kwa sababu ya bawa la kushoto.

"Mwamuzi huyo ana wivu," alinong'ona mwanamke aliyeuza wali wa buluu kando ya uwanja. "Mek, si jogoo wako yule?"

"Wangu."

"Mbona kombe kashika mumeo?"

Mek Eshah alinunua wali, akala.

Kombe liliandikwa Deraman bin Lebai Sof. Nyumbani, Pok Deraman alilipanga rafuni pamoja na mengine sita, akarudi kwenye kahawa yake.

"Ijumaa ijayo tunakwenda kushindana Pasir Mas. Fomu nimeshajaza."

Mek Eshah alimwaga punje tano za mchele juu ya meza, akangoja. Zikatoweka moja moja. Kisha alilowesha kitambaa, akapangusa hewa taratibu, pale pale kifua kilipokuwa.