Taa Zilizomziba Bibi Masikio

Tangu taa mpya za ukutani zifungwe sebuleni, mama mkwe alikuwa mtu wa "ehe" na "sawa" tu. Mchana, wakichambua mboga jikoni, alipiga soga mpaka mkwewe, mke wa mwanawe, akashika mbavu. Jioni ikiingia, kimya. Na leo asubuhi alisema anataka kurudi kwake.

"Mama kanuna," alisema mwanawe, aliyezichagua taa hizo mwenyewe, hafifu, za manjano, kama za hotelini. "Mwache, hasira zitamwisha."

Lakini mkwe hakutaka kumwacha. Huyu ndiye aliyekuja kumlelea watoto wake mapacha bila kuombwa. Nani kamuudhi?

Jioni ile alimuuliza kutoka mlangoni, "Mama, watoto wamelala?"

"Sawa, mwanangu."

Sawa gani tena? Akasogea mpaka chini ya taa, akauliza upya.

"Wamelala zamani," bibi akajibu papo hapo.

Mkwe akagundua kwamba macho ya bibi yalitua kwenye midomo yake. Akajaribu kuichezesha midomo bila kutoa sauti hata chembe: Mama, chai?

"Sukari kidogo."

"Mama! Tangu lini?"

Bibi akainama, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi. "Muda sasa. Sikutaka muanze kunipigia makelele. Nikiuona mdomo, nasikia vizuri tu. Hizi taa zenu ndizo zimeniziba masikio."

Mwanawe hakungoja kuambiwa mara mbili. Alirudi kutoka dukani na balbu katika mifuko yote miwili. Zilizokuwamo zilikuwa za wati tatu. Akafunga za wati tisa, bibi akajikinga uso kwa kiganja.

"Mnanihoji nimeiba nini? Sioni midomo, naona jua!"

Akafunga za wati tano. Nyuso zote zikaonekana, wala hakuna aliyefinya macho. Mwana akaenda pembe ya mbali, akamnong'oneza mkewe, "Usidanganyike, Mama husikia anachokitaka."

"Na hicho nimekisikia," akasema bibi. "Nyoa hayo masharubu, yanakula maneno."

Mkwe alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akauliza polepole, akiuelekeza uso kwenye mwanga, "Na safari, Mama?"

"Safari ya wapi, wiki nzima mmeongea sijaambulia kitu? Kaeni hapa. Anzeni upya."