Jani Lenye Kikonyo

Mwalimu Elisifa alikuwa mama aliyefundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja, Singida na Mwanza, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyepita mbele yake na kosa likapita pia. Tabia hiyo haikustaafu naye. Alipojenga nyumba yake Shirimatunda, Uchagani, alijiunga na Wapenda Mimea wa Mlimani, kikundi cha watu sitini na wawili ambao Jumamosi moja kila mwezi walipanda mlimani kwenda kutazama majani. Majirani walishindwa kuwaelewa. Mtu mzima anaacha shamba lake limejaa majani, anapanda kwenda kutazama mengine!

Mwaka wa pili wakampa kazi. Walitaka kanzidata ya mtandaoni yenye kila mmea waliowahi kuuona, jina lake la kisayansi, picha, mahali na tarehe, maana kwenye grupu la WhatsApp kila kitu kilizama chini ya salamu za asubuhi. Jackson, mwanakikundi mwenye duka la kutengeneza kompyuta mjini, aliunda ukurasa wenyewe, na Mwalimu akawa wa kuujaza. Wenzao waliuita tu orodha ya Mwalimu. Kazi ilikuwa imempata mwenyewe. Alipakua mtandaoni majina yote yanayotambuliwa na wanasayansi na kuyafanya hakimu: ukiandika jina lililomo, linakuwa kijani, lisilokuwemo, jekundu. Hakukuwa na rangi ya tatu.

Hazina ya kikundi ilikuwa Mzee Wenseslaus wa Kibosho, miaka sabini na minane. Ujanani aliwabebea watafiti mizigo mlimani, baadaye akawa mwongozaji, na tangu mwaka 1974 alikuwa akiandika kwenye madaftari: ua gani, bonde gani, mwezi gani. Madaftari yalifika kumi na moja. Hayakuwahi kutoka nyumbani kwake, ila kila wiki alipiga picha ya mmea mmoja, akaandika jina chini yake na kuituma kwenye grupu.

Jumapili moja alituma picha ya mti mkubwa wenye gome jeusi lililopasukapasuka. Chini yake aliandika: Pygeum africanum. Mwalimu akaliingiza jina kwenye orodha. Jekundu. Akaliingiza tena, polepole, herufi kwa herufi. Jekundu tena.

Hapo angeweza kumpigia simu. Namba alikuwa nayo na salio alikuwa nalo. Badala yake aliandika mbele ya watu sitini: “Mzee Wenseslaus, jina hili halipo duniani. Huu ni Prunus africana. Tusibuni majina, tunaiharibu kazi ya kisayansi.”

Nyuso za kucheka zikamiminika, kumi na saba kwa hesabu. Mmoja akaongeza, “Meku wetu, mzee mzima, katunga la kwake!” Robo saa haikupita, ukatokea mstari mdogo wa kijivu: Wenseslaus ametoka. Mwalimu alikunywa chai yake vizuri tu. Alijiona ameitetea sayansi.

Baada ya wiki mbili Jackson alimpigia.

“Mwalimu, kuna faili tulilisahau. Majina ya zamani. Kumbe mmea mmoja unaweza kuwa umeitwa majina matano kabla ya hili la sasa.”

“Lipakie.”

Jackson akalipakia. Mwalimu alikaa mbele ya laptopu akitazama. Majina mekundu ya Mzee Wenseslaus, yaliyokusanyika kwenye orodha tangu mwanzo, yalikuwa arobaini na matatu, na yakaanza kugeuka kijani moja baada ya jingine. Yalipotulia, mekundu yalibaki mawili, nayo yalikuwa yamekosewa herufi tu. Akaandika Pygeum africanum. Kijani. Mbele yake ilisomeka: jina la zamani la Prunus africana.

Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asimame katikati ya chumba chake mwenyewe bila kujua anakwenda wapi. Aliomba radhi kwenye grupu, lakini aliyestahili kuisoma hakuwamo. Akampigia mara sita. Mara ya saba mkewe, Mama Hilda, alipokea, akasema Mzee yuko shambani, na nyuma ya sauti yake Mwalimu akamsikia Mzee akikohoa.

Kwenye orodha sasa kulikuwa na majina mia sita na kumi na mawili, na safu ya mahali ilikuwa tupu karibu yote. Yaliyopaswa kuijaza yalikuwa kwenye yale madaftari kumi na moja, na wazee wa miaka sabini na minane hawasubiri. Lakini si hilo lililomnyima usingizi. Alimwita mzee wa watu mwongo, na mzee alisema kweli.

Ndipo akakumbuka isale. Uchagani, mtu akikujia na jani la isale kuomba msamaha, humkatalii, hata kama amekuulia ng'ombe. Bibi yake alimsimulia hivyo alipokuwa mtoto, kule Tabora, baba yake alikokuwa akifanya kazi reli. Mwenyewe hakuwahi kulibeba. Isale alilijua kwenye orodha: Dracaena fragrans, nambari mia mbili na kumi na mbili, kijani, lenye picha.

Kwake hakukuwa na isale hata moja. Akaenda kwa wauza maua wa kando ya barabara, akamwambia mama mmoja anataka masale.

“Haya hapa, mama, masale mazuri kabisa,” yule mama akasema, akimwonyesha majani yaleyale ambayo angemwonyesha hata mtu aliyetaka mnazi.

Mwalimu akachagua jani pana kuliko yote, akalikunja ndani ya gazeti na kuita bodaboda. Mila inataka uende na mtu wa kukusemea. Yeye alikwenda peke yake, maana hakutaka shahidi.

Njia ya Kibosho ilimtikisa mpaka meno. Getini alipokelewa na Mama Hilda, aliyelitazama jani linalochungulia kwenye gazeti, akalitazama tena, akampisha. Mzee Wenseslaus alikuwa barazani, akichambua kahawa kwenye ungo.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Mwalimu. Kaa.”

Hakukaa. Alilitoa jani na kulishika kwa mikono miwili. “Mzee, nimekukosea. Nilikuita mbunifu wa majina mbele za watu, na jina lilikuwepo. Nimekuja kuomba msamaha.”

Mzee akaweka ungo chini, akavaa miwani. Akalipokea jani, akalipitisha kati ya vidole kutoka nchani mpaka mwisho wake. 

“Hiki ni nini, Mwalimu?”

“Isale.”

“Isale.” Mzee akatikisa kichwa. “Isale hili halipo duniani. Tusibuni masale.”

Mama Hilda akageuka upesi kuelekea jikoni, khanga mdomoni.

“Tazama hapa,” Mzee akaendelea. “Jani la isale halina mkono. Limekaa kwenye shina lenyewe, limelikumbatia. Hili lina kikonyo, tena kirefu kuliko kidole changu.”

Mwalimu akatazama. Kikonyo kilikuwepo, kimenyooka, hakijajificha. Kidato cha kwanza, muhula wa kwanza, sehemu za jani: alikichora ubaoni miaka thelathini na mmoja. Angepata shimo angeingia.

“Ungeniletea isale ningelazimika kukusamehe, nipende nisipende,” Mzee akasema. “Hukuleta. Basi sijabanwa na kitu. Tuongee.” Akaliweka jani kwenye benchi. “Mimi nimeishia darasa la nne. Wale wazungu tuliowabebea mizigo, siku ya mwisho wenzangu waliwaomba viatu vya zamani. Mimi niliomba majina. Kila jioni kambini, jina moja. Wananitajia herufi, naandika. Viatu vya wenzangu vilikwisha zamani. Majina ndiyo niliyobaki nayo. Ukasema nimeyabuni.”

Machozi yakamtoka Mwalimu, hakuyafuta. “Sina la kujitetea, Mzee. Ningekupigia simu moja tu, nikakuuliza.”

“Simu moja tu,” Mzee akakubali.

Kware mmoja akalia migombani. Mzee akaokota punje mbovu ya kahawa, akaitupa.

“Nyuma ya nyumba kuna uzio. Mama Hilda amechanganya maua yake humo, siku hizi hata mimi huchanganyikiwa. Kachume isale. Simu iache hapa.”

“Nikikosea?”

“Bodaboda yako si bado inakusubiri getini?”

Akaiacha simu kwenye benchi, kando ya jani la aibu. Uzio ulikuwa ukuta mzima wa kijani, majani yote marefu, yote yanang'aa, kama ndugu wa tumbo moja. Kwa macho asingeweza kuyatofautisha. Akashika la kwanza, akateremsha vidole mpaka chini: kikonyo. La pili: kikonyo. La tatu vidole viliteremka, vikateremka, vikagonga shina bila kukutana na kitu chembamba, na kitako cha jani kilikuwa kimelizunguka shina lile kama khanga kiunoni. Akajaribu mengine matatu ya shina hilohilo, kuhakikisha. Mama Hilda alisimama mlango wa jikoni akimtazama, hakumsaidia hata kwa jicho. Mwalimu akachuma.

Mzee alilipapasa mpaka kitakoni kwa kidole gumba.

“Hili nalipokea,” akasema, na akalipokea kwa mikono miwili.

Mama Hilda alimwambia baadaye kwamba mumewe alikuwa amekwisha kumsamehe tangu alipokiona kile kikonyo, kwa sababu ni vigumu kuendelea kumkasirikia mtu anayekuchekesha. Lakini hilo Mwalimu hakulijua wakati ule, alipokaa hatimaye barazani.

Madaftari yalitoka chumbani ndani ya debe la bati, kumi na moja kamili. Kabla ya kumkabidhi, Mzee alifungua la mwisho, akachukua kalamu na kulivuta lile jani la kwanza.

“Na hili la kikonyo linaitwaje? Wewe ndiye mwenye orodha.”

“Cordyline fruticosa,” Mwalimu akasema kwa sauti ya chini.

“Nitajie herufi.”

Akamtajia. Mzee aliandika taratibu, akapuliza wino, akasoma kwa sauti: “Cordyline fruticosa. Kibosho, barazani kwangu. Limeletwa na Mwalimu Elisifa, akidhani ni isale.”

“Mzee, jina langu si lazima.”

“Daftari hili halina kilichofutwa. Unaingiza yote, au huingizi hata moja.”

Kuyaingiza kulimchukua wiki saba. Jackson alimshauri aanze na daftari la mwaka 1974, mambo yaende kwa mpangilio. Mwalimu akaanza na ukurasa wa mwisho wa daftari la mwisho. Aliandika jina, mahali, tarehe, na kwenye safu ya maelezo akaandika maneno yote kama Mzee alivyoyaandika, pamoja na jina lake mwenyewe. Nambari mia sita na kumi na tatu. Likawa kijani.

Akalituma kwenye grupu, mbele ya wote sitini na wawili, maana asubuhi ile Jackson alikuwa amemrudisha Mzee. Dakika kumi hakuna aliyethubutu kujibu. Kisha ukatokea uso mmoja tu wa kucheka, na juu yake jina: Wenseslaus.