Stika ya Montana

Alhamisi, tarehe kumi na nne mwezi wa Machi, ndiyo siku Wendell Krause alipoikabidhi nyumba yake kwa watu asiowajua, na bado akawaambia asante.

Nyumba yenyewe ilikuwa trela. Si trela la kubebea mizigo. Trela la kuishi, lenye kitanda, jiko, choo na dirisha la kuchungulia majirani, lile unalofunga nyuma ya pikapu likakufuata uendako. Yeye na mkewe Imogene waliuza nyumba ya matofali kule Missouri wakahamia humo, na tangu hapo wakaishi kama ndege: baridi ikibisha hodi wanashuka Texas, joto likizidi wanapanda kaskazini. Imogene alifariki mwezi wa Oktoba. Machi paa likaanza kuvuja. Na kwa nini lisivuje? Wakubwa wa kiwanda kilicholiunda wanalala chini ya vigae, hakuna hata mmoja aliyewahi kunyeshewa kitandani. Maji yalidondokea upande wa Imogene. Wendell akaweka sufuria pale mto wake ulipokuwa, akasikiliza tone baada ya tone, mwisho akaona hapana, hili siliwezi.

Gereji ilikuwa nje kidogo ya Amarillo, kando ya barabara kuu, yadi imejaa matrela meupe yanayofanana kama mayai.

"Wiki mbili, mzee wangu," aliambiwa na Twyla, mwanamke wa kaunta mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. "Tatu zikizidi sana."

"Naishi humo."

"Najua. Wote mnaishi humo."

Kabla hajaondoka alifunga mlango wa trela, akapapasa ramani iliyobandikwa kwa nje, kama alivyozoea. Kila mwenye trela anayo ramani hiyo, nchi nzima imechorwa mipaka tu, na pamoja nayo unapewa stika za rangi, kila jimbo stika yake. Ukifika jimbo, unabandika. Lakini kufika ni nini? Hapo ndipo watu hugombana. Wengine hubandika hata wakinunua soda tu njiani. Imogene hakutaka mchezo huo. Kwake kulala ndiko kufika. Mara moja Wendell alibandika Delaware kwa sababu walikunywa kahawa huko wakapita. Imogene aliitazama, akaibandua kwa ukucha polepole bila kuichana, akairudisha kwenye kopo la vifungo alimotunza stika zilizosalia. "Tutakapolala," alisema. Na baadaye walilala, ikabandikwa.

Sasa lilibaki pengo moja, Montana. Agosti iliyopita walifika Sheridan, kule Wyoming, na milima ya Montana ilikuwa karibu kama kuta za jirani. Asubuhi hiyo Imogene alishindwa kuinuka. Wakageuza pikapu. Njiani alisema neno moja tu juu ya jambo hilo: "Utanipeleka." Wendell akajibu ndiyo. Ndiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsumbua sasa. Alitaka paa lipone, apande Montana kiangazi hiki, alale usiku mmoja, asubuhi abandike. Hakuwa na ombi lingine kwa mtu yeyote.

Wiki mbili zikapita, na tatu nazo. Alihifadhiwa na Lonnie Sauder, dereva wa malori mstaafu aliyekuwa jirani yake kwenye kambi ya matrela, aliyempa kochi ndani ya trela lake na mbwa wa kulala naye miguuni. Kila Wendell akipiga simu gereji, anapigwa danadana. Leo kipuri kinatoka Indiana. Kesho kipuri kimefika ila si chenyewe. Halafu fundi aliyeanza kazi ameacha. Halafu fundi mpya hajui yule wa kwanza alifikia wapi.

"Mwambie akuonyeshe trela," Lonnie alimshauri. "Maneno hayazibi paa."

Akaenda. Akazunguka yadi nzima akitazama milango. Trela lake halikuwepo. Meneja, Trent Haskew, kijana mwenye shati lililotariziwa jina mfukoni, alitoka na kikombe cha kahawa.

"Liko yadi nyingine, Bwana Krause."

"Yadi nyingine iko wapi?"

"Huwa haturuhusu wateja huko. Mambo ya bima."

"Nataka kuliona tu. Sitaligusa."

"Liko ndani, kwenye banda, halipigwi hata na jua. Liko salama kuliko mimi na wewe."

Wendell alirudi kwa Lonnie akiwa haelewi kama amejibiwa au amefukuzwa. Ndivyo wakubwa walivyo, aliwaza. Wanakupa maneno mazuri ukiyafungua mkononi hayana kitu, na hata ukitaka kukasirika hujui ukasirikie lipi.

Kiangazi kikaenda zake. Katikati ya Agosti Twyla akapiga: njoo uchukue. Wendell alifika akiwa amenyoa ndevu. Trela lilikuwa limewekwa mbele, limeoshwa, mlango umefungwa. Alinyoosha mkono kushika kitasa, na mkono ukabaki hewani.

Montana ilikuwa imebandikwa.

Imekaa sawasawa ndani ya mipaka yake, kona kwa kona, rangi yake ya kijani iking'aa kati ya majimbo mengine yaliyopauka. Aliingia ndani mbio kadiri goti lake lilivyomruhusu, akavuta droo iliyo chini ya kitanda. Kopo la vifungo lilikuwa pale pale. Vifungo vimo. Stika haimo.

"Nani ameibandika?" alimuuliza Trent.

"Nani amebandika nini?"

"Montana."

Trent alikuja akaitazama ramani, akainamisha kichwa kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mwenzake. "Inapendeza. Si yako?"

"Trela langu lilikwenda Montana?"

"Mzee, trela lilikuwa bandani. Huenda uliibandika mwenyewe ukasahau. Mama yangu naye siku hizi anasahau."

"Mama yako hakuuliziwa hapa."

Alilifunga trela kwenye pikapu akarudi kambini. Usiku huo mvua ikanyesha kidogo, na Wendell akaamshwa na tone la maji usoni. Upande wa Imogene ulikuwa mkavu kabisa. Tundu lilikuwa limehamishiwa upande wake yeye, kama karani aliyepewa uhamisho.

Asubuhi Lonnie alikuja na kahawa, mbwa nyuma yake. Walisimama mbele ya mlango kama watu wanaotazama kaburi lisilo na jina.

"Wahuni hao wamelikodisha," Lonnie alisema. "Wamelikodisha kwa watu wa likizo. Watu wamelala humo, wamekaanga vitunguu humo, wamefika Montana, mtoto wao kaona pengo kwenye ramani akaanza kupekua droo. Nimeshamaliza kesi."

"Hakuna harufu ya vitunguu."

"Basi samaki."

"Lonnie."

Lonnie alikunywa kahawa. Akasema kwa sauti ya chini, "Au ni Imogene."

Wendell aliitazama stika.

"Kule Sheridan, ulipokwenda kujaza mafuta, alibaki peke yake, sivyo? Labda aliona hatafika. Akajikokota mpaka mlangoni, akabandika ili usijisumbue."

"Imogene? Yule aliyebandua Delaware?"

"Mtu akiwa anaondoka hulegeza masharti, ndugu yangu."

"Ningeiona."

"Ungeionaje? Mlango huu ukifunguliwa unalala ukutani, ramani inatazama ukuta. Na tangu msiba umekuwa ukiingia humu unatazama viatu vyako. Mimi jirani yako nimekuona."

Wendell alijaribu kuirudisha ile Alhamisi ya Machi. Mkono wake aliuona, ukipapasa ramani. Macho yake hakuyaona. Yalikuwa kwenye ufunguo? Kwenye uso wa Twyla? Kiganja hakijui rangi. Rangi yenyewe haikusema kitu: stika imeng'aa kwa sababu ilikaa koponi miaka yote, au kwa sababu ilibandikwa juzi, au kwa sababu banda halina jua kama alivyosema Trent, kama Trent aliwahi kusema kweli.

Aliweka ukucha kwenye kona ya Montana. Ikainuka kidogo. Kama ni mkono wa mgeni, kuiacha pale ni uongo mlangoni mwa Imogene, na safari bado anadaiwa. Kama ni mkono wa Imogene, basi hiki ndicho kitu cha mwisho alichokifanya kwa vidole vyake, na yeye yu karibu kukibandua. Akairudisha kona, akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Unaenda wapi?" Lonnie aliuliza alipoona anaingia kwenye pikapu.

"Kwao."

"Juu ya paa?"

"Paa wabaki nalo."

Gereji ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Twyla alipomwona alivaa miwani yake. Trent alitoka ofisini, safari hii bila kikombe, na nyuma yake akasimama mtu mrefu mwenye kofia ambaye Wendell hakuwahi kumwona, huenda ndiye mwenye mali. Wendell alivua kofia yake akaiweka juu ya kaunta.

"Mzee wangu, kama ni lile vujo, tutaliangalia tena," Twyla alisema. "Lilete tu."

"Sikuja kwa vujo."

"Waranti ipo," Trent alidakia. "Tutakuhudumia kabla ya wengine."

"Sikuja kwa waranti. Sitaki kurudishiwa chochote, sitakwenda kwa wakili, na wala sitampigia kelele mtu." Aliwatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa yule mrefu. "Nina swali moja, na yeyote anayelijua anijibu. Tangu Machi mpaka Agosti, trela langu lilikuwa likilala wapi?"

Twyla alimtazama Trent. Trent alimtazama yule mtu mwenye kofia.