Mkebe wa Bi. Wariara

Filamu ilionyeshwa kanisani Ijumaa mchana, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Ndani yake, ndugu wawili watundu walimmwagia mjomba wao ndoo nzima ya maji kutoka juu ya mlango. Watoto wa Mutomo, ambako maji ni ya shida, hawakucheka. "Maji yote hayo!" mmoja alilalamika. Lakini mjomba alipoteleza, akaangukia beseni la unga na kuinuka mweupe pepepe, kanisa zima liliangua kicheko.

Jumatatu mizaha ikaingia shuleni. Kwa kuwa maji hayachezewi, watoto walitumia jivu. Mkebe uliotegwa juu ya mlango ulimwangukia Mwalimu Mutiso, naye akawafukuza uwanja mzima huku akicheka. Kesho yake ikawa zamu ya Mwalimu Mbula. Jumatano, mwalimu mkuu mwenyewe alitoka darasa la saba na mvi za ghafla.

Bi. Wariara alingoja zamu yake. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu tangu aletwe kutoka Murang'a, na hakuna aliyewahi kumtania. Kila alipoingia ofisini, walimu waliacha Kikamba wakashika Kiswahili, kisha mazungumzo yakafa kwa adabu. Alhamisi alisukuma mlango wa darasa la nne polepole, kichwa ameinamisha. Hakikuanguka kitu.

"Hatujambo, mwalimu!" watoto waliitikia, wima kama askari.

Ijumaa ikawa vivyo hivyo.

Jumatatu iliyofuata alifika mapema. Aliweka mkebe wa jivu ndani ya kabati la vitabu, rafu ya juu, akauegemeza mlangoni, akafunga kwa ufunguo. Somo lilipoanza, alifungua kabati mbele ya wote. Jivu lilimshukia kichwani, puani, hadi ndani ya kola.

Alingoja kicheko. Watoto walitazamana.

"Si sisi, mwalimu," alisema Kisilu, kiranja. "Ufunguo unao wewe."

"Najua, Kisilu."

Msichana mmoja, Mumbua, aliinuka, akachukua dumu la maji aliloleta kutoka nyumbani. Wengine wakafuata na yao.

"Nawa, mwalimu. Bado sikioni."

"Yatosha, mama. Msimalize maji."

Alitoka nje. Alipofika nyuma ya darasa, kicheko kililipuka. Sauti ya Kisilu ilipanda juu ya zote, ikiigiza lafudhi yake ya Murang'a: "Najua, Kisilu!"

Bi. Wariara aliegemea ukuta, akasikiliza hadi mwisho. Jivu la sikioni hakulitoa.