Mahali pa Koko Kuonea Fataki

Virginie alikuwa ameshika mahali pale tangu saa sita mchana, wala hakupabahatisha. Miaka kumi na mitatu amechoma nyama kando ya barabara mjini Butembo, na mtu aliyekula moshi miaka yote hiyo haulizi upepo unatoka wapi. Jioni hewa hushuka kutoka mlimani kwenda bondeni. Fataki za Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya, zingerushwa katikati ya uwanja wa mpira, na moshi wake ungeangukia upande wa bondeni. Basi yeye akatandika kitenge upande wa mlimani, karibu kabisa na kamba iliyouzunguka uwanja, akamketisha mama yake.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, alikuwa amebakiwa na mwanga tu machoni. Sura za watu zilishapotea. Daktari alisema ugonjwa uko ndani ya jicho, haupasuliwi, na kabla ya Pasaka hata huo mwanga utakwisha. Virginie aliposikia kwamba tajiri mmoja ameagiza fataki, alidhani mama yake hatataka kuja. Mtu aliyekimbia risasi za waasi kule Oicha atatafuta nini kwenye mishindo? Koko akaja juu.

"Kule nilisikia tu, bum, bum, hapana kuona kitu," alisema. "Hii nataka niione."

Saa kumi na moja akatokea Esdras, na utepe wa protokole begani. Hao ndio vijana ambao kwenye kila harusi na kila sherehe huamua nani akae wapi, na ukiwapa utepe hawamjui tena hata aliyewalisha. Esdras huyu hula nyama kwa Virginie kila Jumamosi, na hupewa kipande cha nyongeza. Shukrani ya punda ni mateke.

"Maman Virginie, mutoke hapa. Bakubwa bataparkea ma-jeep yabo hapa."

Virginie alidhani hajasikia vizuri. Viti vya wakubwa vilipangwa ng'ambo, upande wa bondeni, chini ya hema jeupe. Hapa walitaka kuweka magari tu.

"Esdras, jeep iko na macho? Itaangalia nini?"

"Protocole ni protocole, Maman. Muende kule nyuma ya ukuta."

"Nyuma ya ukuta Koko ataona nini?"

Esdras akamtazama bibi kizee, akapunguza sauti, kama mtu mwenye huruma. "Mais Maman, Koko haone. Hapa ao kule, kwake si ni sawa tu?"

Koko alisikia. Mikono yake ikakusanya pindo la kitenge polepole, akaanza kuinuka mwenyewe, kama mgeni aliyegundua kuwa hakualikwa. Hapo ndipo Virginie alipopandwa na hasira mpaka masikio yakavuma. Alitaka kumzaba kijana yule kofi la kumwangusha na utepe wake. Tena alikuwa ameazimia kumwambia kwamba lile hema jeupe limewekwa pabaya na moshi utalijaa. Neno hilo akalimeza. Watu husema hasira ni hasara. Yeye aliona hasara yake ilishatangulia siku nyingi.

Nyuma ya ukuta hata jua halikuonekana likizama. Virginie akaupima kwa macho ule mteremko wa mlima, umelowa mvua na njia yake nyembamba, kisha akatoa mkanda anaobebea magunia ya makaa.

"Panda, Mama."

"Nitakuvunja mugongo, mutoto yangu."

"Nilisema panda!"

Akampitishia mkanda chini ya mapaja, akautega kwenye paji la uso, kama wanawake wa huku wanavyobeba mzigo, akaanza kupanda. Kila hatua aliitupia tusi: moja la Esdras, moja la jeep, moja la tajiri. Alisimama karibu na kilele, mguu mmoja kwenye mzizi wa mkaratusi, mwingine kwenye tope. Pa kumtua hapakuwepo.

Saa moja fataki ya kwanza ikapasuka. Virginie hakuiona. Mwenye mkanda kichwani hutazama chini, na akiinua uso mzigo huanguka. Aliona tu majani yakigeuka mekundu miguuni pake.

"Nyekundu!" Koko akasema sikioni mwake. "Virginie, naiona! Sasa kijani. Sasa yote ni nyeupe, nyeupe!"

Huko chini kikohozi kilianza. Moshi ulishuka juu ya hema jeupe bila kupiga hodi, na wakubwa wakakimbia wakiziba pua kwa tai zao. Virginie alicheka kicheko kibaya, cha peke yake.

Kisha machozi ya mama yake yakamdondokea shingoni.

"Mama, unaogopa? Tushuke?"

"Hapana." Sauti ya Koko ilikuwa ngumu, sauti ambayo Virginie hakuwa ameisikia tangu siku mama yake alipofika kutoka Oicha, pekupeku. "Siku ile tulikimbia katika mashamba ya ma-cacao, giza tii. Baba yako alianguka, na mimi sikuona ni wapi. Nilipapasa na mikono." Fataki nyingine ikapasuka, na majani yakawa manjano. "Mwangaza yote hii, siku ile bakubwa baliificha wapi?"

Virginie akaukaza mkanda, akapanda hatua moja zaidi.