Nyigu wa Kwenye Bawa

Mdogo wangu Rosalia alikwenda kujifungulia kwa mama, kusini, kama ilivyo desturi yetu, akamwacha mumewe Polikarpo hapa Temeke akiosha ndege za Waingereza. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilitimiza miezi yake, nasi tukaanza kujitapa mapema mno.

Asubuhi moja simu ikaja kiwanja cha ndege kutoka misheni ya huko kusini: Rosalia ana uchungu tangu juzi, mtoto hatoki, wanaomba daktari wa kupasua. Daktari akapatikana, na rubani, Mwingereza mmoja mwenye midevu, akakubali kuruka palepale. Akampakia na Polikarpo. Nilikimbilia huko kiwanjani, nikamkabidhi kanga za mtoto, nikabaki nimesimama juani.

Haukupita muda, ndege ikarudi.

Kwenye bawa kuna kibomba kinachopokea upepo, nao upepo huo ndio unaosukuma mshale wa kumwonyesha rubani mwendo wake. Walipoiacha ardhi, mshale ulipanda kidogo, kisha ukalala kabisa, utadhani ndege imesimama. Polikarpo alinieleza kwamba mzungu yule hakubabaika. Hakuinamisha pua ya ndege ili kuongeza mwendo, kwa kuuogopa mshale. Aliishika pua pale anapoishika siku zote, akaiacha injini ingurume kama kawaida yake, akageuza taratibu.

"Bwana, injini nzima hii! Twende tu!" Polikarpo alimlilia.

"Huko mbele mawingu mazito," rubani akajibu. "Ndani ya wingu sitaona kitu, na mshale huu mwongo. Nitawaua nyote."

Alisema kweli, nami hadi leo namchukia kwa kusema kweli.

Fundi alipochokoa kibomba kwa waya, ukatoka udongo mkavu na buibui wadogo waliokufa. Nyigu alikuwa amejenga humo. Mvua ikashuka, kiwanja kikafungwa hadi kesho yake. Daktari alipofika, mtoto alikuwa ametoka mwenyewe, wa kike, dhaifu sana. Mama yake alikuwa ametokwa na damu yote, amekufa.

Tulipomaliza matanga, mtoto nikiwa naye mimi, Polikarpo alikuja kwangu.

"Shemeji Demetria, nyigu yule nilikuwa namwonaga pale bawani, anakuja na udongo wake. Nikamwacha. Ningemfukuzaje, na mke wangu ana mimba?"

Kwetu nyigu wa udongo akijenga karibu na watu wanaongoja mtoto, havunjiwi nyumba. Ni heri. Ukiivunja, mtoto hakai, awe tumboni au amekwisha kuzaliwa.

Nilimfokea. Nilimwita mpumbavu, nikamwita muuaji, nikalia hadi sauti ikakauka. Kisha nikamshika mkono, nikamwingiza chumbani, nikamwonyesha boriti juu ya kitanda changu. Kiota kilikuwa pale, kikubwa. Nilikuwa nimemkataza kila mtu asikiguse tangu Rosalia aliponiambia amepata mimba.

Tukasimama tunakitazama, mtoto akilia mgongoni kwangu kwa kile kisauti chake chembamba. Polikarpo akachukua ufagio. Akaushika muda mrefu, akaurudisha pembeni.