Doti Iliyokatwa

Duka la Sabiti, hapa Geita, lilikuwa na sheria nyingi kuliko mgodi. Huo ulikuwa mwaka 1952. Gunia la chumvi lililoshonwa lilikaa nyuma, lililofunguliwa lilikaa mbele, na la pili halikuguswa mpaka la kwanza likung'utwe. Mche wa sabuni ulikatwa kwa waya asubuhi, vipande vya kutosha siku hiyo tu, kwa sababu sabuni iliyokatwa husinyaa na mteja huona ameibiwa. Sigara aliuza moja moja, lakini ole wake atakayefungua pakiti mpya wakati ya zamani ina hata moja. Alisema duka haliuawi na wezi, huuawa na masazo. Wachimbaji walimcheka, kisha wakanunua, maana hapakuwa na mahali pengine pa kupata sigara moja.

Kwenye kanga ndipo alipozidi. Kanga huja kwa jora, jora hutoa doti, na doti ni pande mbili. Wake wengi wa wachimbaji walikuwa na uwezo wa upande mmoja tu. Sabiti hakuwafukuza, ila mkasi hakuugusa. "Tafuta mwenzio," alikuwa akisema. Basi mwanamke aliketi barazani mpaka atokee mwingine mwenye haja kama yake, hata kama hawajuani, hata kama mmoja ni Mzinza na mwingine katoka Tarime. Wakikubaliana rangi, kila mmoja alishika ncha yake, na Sabiti akapitisha mkasi katikati. Upande wa pekee hauuziki, alisema, kila mteja atauliza mwenzake umevaliwa na nani. Na kweli, kwetu watu waliuliza. Wanawake wawili wakipita na kanga za doti moja, kila mtu alijua wamekubaliana barazani kwa Sabiti, na wengine walikuja kuwa ndugu kabisa. Yeye hakukusudia wema wowote. Aliogopa masazo.

Mkewe aliitwa Mwanaima. Walitoka wote Tabora, na mtoto wao Fikirini walimwacha huko kwa bibi yake asome Kurani chuoni. Sheria za duka Mwanaima alizishika kuliko mwenye duka, maana ndiye aliyeshinda nazo kutwa Sabiti akiwa safarini. Na safari zilikuwa nyingi: Nkome kufuata dagaa, Kahama kufuata mchele.

Safari moja ya Kahama, Mwanaima alitoa nguo zote juani kwa sababu ya mende. Chini kabisa ya majora alikuta upande mmoja wa kanga nyekundu, umekunjwa vizuri, ncha moja imekatwa na haijapindwa. Hakuna wanawake wawili waliowahi kukubaliana juu ya kanga ile. Angeliwakumbuka.

Hakuhitaji kwenda kwa mganga. Mume wake alikuwa amemnyima upande mama mwenye mimba ya miezi minane kwa sababu tu hakupata mwenzake, na sasa kamkatia mtu doti kwa siri. Roho ilimuuma sana. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ule upande ulikuwa umekunjwa kwa uangalifu, na Sabiti hakuwa mtu wa kukunja nguo. Akautundika barazani, mbele, watu waone.

"Mwangaluka, Mama Fikirini," alisalimia jirani yake Mageni, Msukuma mnene asiyepitwa na jambo. "Mbona upande mmoja? Mwenzake uko wapi?"

"Utakuja," alijibu Mwanaima.

Ukaja kweli, juma lile lile, kiunoni kwa msichana aliyeshuka kwenye lori na gunia la dagaa. Wanawake waliokuwa barazani wakageuka kuutazama ule uliotundikwa.

"Shikamoo, dada. Naitwa Euphrasia, natoka Nkome. Nimemletea Sabiti dagaa wake." Akainua macho, akatabasamu. "Kumbe wa pili mmeutundika! Alisema anauweka, atanipa siku ya kunioa."

Huyo ndiye Sabiti. Hata posa aliitoa rejareja.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema Mwanaima. "Na mimi alikwambia ni nani?"

"Si wewe dada yake? Yule mjane. Alisema anakutunza tangu shemeji afariki. Pole sana, dada."

Mwanaima alimtazama. Msichana hakuwa na hila yoyote usoni, na hilo nalo liliudhi.

"Asante. Alikwambia shemeji alifariki lini?"

"Hakunambia."

"Basi ni leo."

Akafunga duka. Akatandika mikeka uani, akavaa nguo nyeupe, akajifunika kichwa na kuketi kama aketivyo mke aliyeingia eda. Mageni alimfuata mbio.

"Mama Fikirini, unamchuria mumeo!"

"Si mimi. Kasema mwenyewe."

Mageni ndiye aliyemweleza Euphrasia ukweli, pembeni, kwa sauti ambayo sisi sote tuliisikia. Msichana aliketi juu ya gunia lake akalia. "Sikujua, dada. Wallahi sikujua," alisema, yeye Mkristo, kwa kuchanganyikiwa.

"Najua hukujua," alisema Mwanaima. "Njoo ukae mkekani. Na wewe umefiwa."

Wanawake wa kambini walikuja kwanza kucheka. Wakamkuta Mwanaima analia, na kilio kilikuwa cha kweli, cha mtu aliyeishi na mume miaka yote ile na kumbe mume huyo alikwisha kuzikwa huko Nkome bila kuambiwa. Hakuna aliyecheka tena. Dagaa wa Euphrasia wakapikwa, na chumvi ilipoonekana haitoshi, gunia la nyuma likafunguliwa. Mwanaima aliwaambia wasione haya.

Siku ya tatu Sabiti akarudi. Aliona duka limefungwa na watu wameketi nje. Valerian, dereva wa lori, akavua kofia. Mzee mmoja akampa mkono na kumwambia pole, na Sabiti akauacha mchele wote garini bila kuuhesabu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliingia uani akikimbia. Nilimwonea huruma, siwezi kusema uongo.

"Fikirini?" aliuliza. "Ni Fikirini?"

Mwanaima akafunua uso. Euphrasia, aliyekuwa ubavuni mwake, hakuinua wake.

"Fikirini mzima," alisema Mwanaima. "Ni baba yake. Karibu, kaka. Umechelewa, tumeshamzika."